Kiyoyozi cha Lori Kuukuu

Malaba ni mji wa kungoja. Malori yatokayo Mombasa hupanga foleni ndefu kuelekea Uganda, na lori la baba, lililoundwa mwaka 1988, lilikuwa mojawapo. Puli ya kompresa ya kiyoyozi chake ilikwama, ikawa inaunguza ukanda uleule uzungushao pampu ya maji. Ukanda ungekatika, injini ingechemka.

Fundi alitwaa spana ili afungue bomba. Nilimsihi angoje. Gesi ya viyoyozi vya zamani, R-12, huharibu ozoni itukingayo na miali ya jua. Mataifa yalipatana Montreal mwaka 1987 kuipunguza. Tena ikiruka hugandisha ngozi na kudhuru macho. (Hayo niliyasoma tu, spana sikuwahi kuishika.)

"Kijana," fundi alicheka, "jua la Malaba ni kuu kuliko gesi hii!"

Baba alinyamaza kitambo, maana kila siku ya foleni ni hasara. Kisha akamwita fundi wa majokofu kutoka Busia, aje na mashine ya kuinyonya gesi. Tulingoja siku mbili. Ndipo kompresa ilipofunguliwa, ukanda mfupi ukafungwa, na kondensa ikatolewa mbele ya rejeta, upepo ukapita. Baba alivuka daraja madirisha wazi, jasho likimchuruzika, wala hakunisemesha.