Shule ya Jumapili Haitoi Cheti

 Sisi ni walimu wa kujitolea wa shule ya Jumapili hapa kambini Kavumu.

Mwezi uliopita, katika kikao cha wazazi, baba mmoja alisimama akatuuliza: "Nyinyi vijana, kila Jumapili munatuchukulia watoto masaa mawili mazima. Hiyo shule yenu inatoa cheti?" Watu wakacheka. Siye tukanyamaza, juu ni kweli haitoi cheti. Lakini swali lilikuwa la haki, na tumeonelea kulijibu hapa kwa kueleza yale tuliyoyaona sisi wenyewe tukiwa wadogo.

Tulitoka Uvira pamoja na familia zetu mwezi wa sita 2004, wakati wa vita vya Bukavu. Tulifika Bujumbura tukiwa watoto wa miaka sita, saba. Tarehe 13 mwezi wa nane mwaka ule ule, usiku, ndugu zetu zaidi ya 150 waliuawa katika kambi ya muda ya Gatumba, karibu kabisa na mji. Toka siku ile wazazi wetu waliogopa hata kututuma dukani. Mahali pamoja tu walikubali twende bila wao, nako ni shule ya Jumapili, ile ambayo kwetu Kongo tunaiita ekodim.

Ilikuwa katika parishi moja ya Waanglikana. Wazee wengi bado walikuwa wanaliita kanisa lile Episkopali. Waanglikana walianza kazi Burundi mwaka 1935, kule Matana na Buhiga, dayosisi ya Bujumbura ikaanza 1975, na Burundi ikawa jimbo linalojitegemea mwaka 1992. Lakini siye hayo hatukuyajua. Tulichojua ni kwamba saa mbili asubuhi kulikuwa na benchi, nyimbo, na mama mmoja mwalimu mwenye daftari la majina. Nyimbo zilikuwa za Kirundi na za Kiswahili. Kirundi chetu tulikianzia pale, kwa kuimba kabla hatujaelewa.

Mwaka 2005 serikali ya Burundi ilifuta malipo ya shule ya msingi. Watoto walijaa madarasani mpaka wengine wakakaa chini. Mtoto aliyekuwa nyuma hakuona ubao wala mwalimu hakumwona yeye. Basi yule mama wa Jumapili akaanza kutufundisha herufi. Aliandika kwa mkaa juu ya kipande cha katoni, mstari mmoja wa Biblia, na kila mmoja alisoma neno lake. Wengine kati yetu tulijua kusoma pale, si darasani.

Baadaye tulikuja kujifunza kwamba hata mwanzo wa kazi hii ulikuwa hivyo. Kule Uingereza, mwaka 1780, bwana mmoja aitwaye Robert Raikes wa mji wa Gloucester alianzisha shule ya Jumapili kwa watoto maskini waliofanya kazi juma zima. Jumapili ndiyo siku pekee waliyopumzika, na walifundishwa kusoma. Na Burundi, toka mwaka 2000, Umoja wa Wamama wa kanisa hilo umefundisha watu wazima wengi kusoma na kuandika. Kwa hiyo mzazi asifikiri kwamba tunaimba tu.

Tulipofika miaka kumi na mbili, kumi na tatu, tulihamia kwa vijana. Jumamosi tulifagia kanisa, tukafanya mazoezi ya korali, kisha mpira. Katika timu moja walikuwemo Wahutu, Watutsi na sisi Wakongomani, na nchi ilikuwa imetoka vitani juzi juzi. Hakuna aliyetuhubiria umoja siku zile. Ukimpa mwenzako pasi mbaya, mlipoteza wote.

Sasa tuseme na kosa letu, maana bila hilo jibu halijakamilika. Mwaka 2012 sisi vijana tulipewa kuongoza mchezo wa Noeli wa watoto. Tukaamua kila mtoto avae shati jeupe, ipendeze. Kulikuwa na kijana mmoja mdogo wa Buterere, alijua maneno yake yote na ya wenzake pia. Siku ya Noeli akaja na shati la kaki la shule, limefuliwa vizuri. Siye tukamwambia akae nyuma na watu wanaotazama. Hakubisha. Alipoona mchezo umeanza, akatoka.

Jumapili mbili jina lake liliitwa, kimya. Yule mama mwalimu hakutugombeza. Alifunga daftari akasema, "Mumemtoa nyinyi, mutamfuata nyinyi." Tulikwenda kwa miguu hadi Buterere, tukamkuta nyumbani kwao, tukamwomba msamaha. Alijibu kwa heshima: "Nitakuja nikipata shati." Mwaka 2013 tulipanda lori la HCR kuja huku Cankuzo, na alikuwa bado hajarudi. Mpaka leo hatujui kama alirudi.

Ndiyo maana hapa kambini tuna daftari la majina. Mtoto akikosa Jumapili mbili, tunafika nyumbani kwake kuuliza, wala hatuji kugombeza. Ndiyo maana Noeli yetu haina sare. Nusu saa ya kwanza ni kusoma, na anayejua anamsaidia asiyejua.

Wazazi wetu, toka mwanzo wa 2025, vita vilipofika Bukavu, makumi ya maelfu ya ndugu zetu wamevuka mpaka kuingia Burundi. Wengine wamekuja na nguo moja tu mwilini, wako kwa jamaa zao. Tumesikia mama mmoja anasema, "Batoto yangu hawana viatu, nitawaleta siku nyingine." Mama, tunakuomba, hiyo siku nyingine usiingoje. Walete Jumapili hii, saa mbili, na miguu yao vile ilivyo.

Na wewe baba uliyetuuliza, cheti hatuna. Lakini jina la mtoto wako liko katika daftari, na siku halitaitikiwa, kuna mtu atauliza.

Mungu awabariki nyote.

Ni sisi, walimu wenu wa kujitolea.