Msirimu si Lazima Awe Mwislamu

Jumanne, 3 Oktoba 2023. Nyamirambo

Jioni nimepita kwa fundi cherehani kuchukua shati. Mzee mmoja alikuwa anajaribu suti yake mpya ya kijivu. Akafunga kifungo cha kati, akavuta mikono, akageuka mbele ya kioo. Fundi akaweka chini futi kamba yake na kusema: "Muzehe, uri umusirimu!" Mzee akatabasamu. Rozari ilikuwa shingoni mwake, na dukani hakuna aliyeona ajabu.

Ingekuwa Tanga, kwetu Tanzania, ukisema mtu amesilimu, swali la kwanza ni jina gani jipya amechukua. Hapa Kigali neno lilelile limeshika njia yake. Umusirimu ni mtanashati, mtu wa mjini, mwenye adabu na anayejua kuvaa. Gusirimuka ni kustaarabika, na ubusirimu ndio ustaarabu wenyewe. Padri anaweza kusifiwa hivyo, na mlokole pia.

Tena sisi hatuna haki ya kushangaa. Neno letu "ustaarabu" limetoka wapi kama si kwa Waarabu? Watu wa pwani walimtazama mgeni wa ng'ambo wakamfanya kipimo cha maisha mazuri. Wanyarwanda nao wakamtazama Mwislamu wa mjini, mwenye kanzu iliyofuliwa, duka na viatu. Njia ni ile ile.

Ijumaa, 6 Oktoba

Asubuhi nimemsindikiza kijana wa jirani kituo cha afya. Anakwenda kutahiriwa, kwa Kinyarwanda, kwisiramuza. Shina ni lile lile la silimu, ila hapa irabu ya kati imekuwa a badala ya i, na irabu hiyo moja inatosha kumtenga mtanashati na aliyetahiriwa. Kijana ni Mwadventista. Mama yake ametumia neno hilo mbele yangu bila kigugumizi, kama anavyotaja chanjo.

Zamani tohara haikuwa mila ya Wanyarwanda. Waislamu ndio waliojulikana nayo, basi kitendo kikachukua jina lao. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS walipopendekeza tohara ya wanaume kama kinga mojawapo dhidi ya VVU, Rwanda haikuhitaji kubuni neno la kampeni. Lilikuwapo tayari.

Nimerudi kwa miguu nikipita karibu na msikiti wa Al-Fatah, watu wakiingia kwa swala ya Ijumaa. Msikiti huo ulianza mwaka 1913, miaka michache tu baada ya Mjerumani Richard Kandt kuanzisha Kigali mwaka 1907. Askari, makarani na wachuuzi waliokuja na Wajerumani walizungumza Kiswahili, na wengi wao walikuwa Waislamu. Walileta maneno pamoja na bidhaa: isoko, igitabo, ikaramu, ameza, isaha. Mwanajeshi hapa ni umusirikare, kutokana na serikali. Serikali yenyewe Wanyarwanda wakaja kuiita Leta, kwa Kifaransa cha Wabelgiji waliotawala baadaye. Ukitaka kujua nani alitawala lini, sikiliza majina ya vyeo.

Jumapili, 8 Oktoba. Biryogo

Chai na chapati, barabara imejaa watoto na baiskeli. Wabelgiji waliwaweka Waislamu huku, mtaa wa Waswahili, mbali na wengine. Ndipo lilipokua neno la pili, umuswayire: Mwislamu, mtu anayesema Kiswahili, na mara nyingine mjanja wa kuchungwa. Kwa hiyo watu walewale wamepewa majina mawili, moja la sifa na moja la shaka.

Shaka hiyo naikataa. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Waislamu wengi wa mitaa hii waliwaficha waliokuwa wakiwindwa. Lakini lawama tuigawe sawa: nyumbani Tanzania nasi husema "acha Uswahili" tukimaanisha acha longolongo. Tumejitukana kwa lugha yetu wenyewe, halafu tunataka jirani atuheshimu.

Kesho naanza kufundisha darasa jipya la Kiswahili la watu wazima. Tangu Februari 2017, Bunge la Rwanda lilipopitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne, wanafunzi huja wakiamini wanaanza na sifuri. Sitaanza na ngeli. Nitaandika ubaoni umusirimu, kwisiramuza, umusirikare, igitabo, kisha waniambie wenyewe maana zake, nami niwaambie zetu. Walimu wenzangu mnaofundisha Kiswahili Rwanda, anzeni na maneno ambayo wanafunzi wamekuja nayo. Wanayajua mengi kuliko vitabu vyetu vinavyodhani.