Jana Tulichimba Pamoja, Leo Mimi ni Kapita

Ninyi wa Salamabila na Namoya munajua kapita ni nani. Kwa ndugu wanaoishi na mashamba, nieleze kidogo. Kwa shimo la zahabu kuna PDG, ndiye anatoa feza ya chakula, ya pompi na ya nyundo. Kuna wachimbaji. Katikati yao kuna kapita: anapanga nani anaingia na nani anatoka, anahesabu mifuko ya mawe, anaandika madeni. Sisi hatulipwi kwa saa wala kwa mwezi. Tunangoja mawe yatoke, gharama ya PDG inatolewa kwanza, halafu tunagawana mifuko inayobaki.

Miaka sita nilipiga nyundo. Kapita wetu aliporudi kwao Kasongo, PDG akanitaja mimi. Ile siku wenzangu walifurahi, wakaninunulia chai. Juma lililofuata, nikifika pahali wameketi, mazungumzo yanakatika. Mwenzangu tuliyelala naye mu kibanda kimoja cha shiti akaanza kuniita "mukubwa." Lile neno liliniuma kuliko tusi.

Lakini hawakuwa na chuki ya bure. Neno kapita lilitoka kwa Wareno, na wazee wetu walilijua wakati wa Wabeleji, mu pamba ya lazima: mutu wa kwao, amesimama juu yao kwa faida ya wengine. Baadaye, wakati wa SOMINKI, tangu 1976 mpaka 1997, mukubwa wa kikundi alikuwa na kompani nyuma yake. Kapita wa shimo hana kompani. PDG anaweza kunitaja, lakini wenzangu wasiponisikia kule chini, mimi ni jina tu.

Maneno yalianza kwa hesabu. Jioni moja yule mwenzangu alinifuata: "Yaya, uniongezee kamufuko kamoja, mutoto ni mugonjwa. Si tulikula sahani moja?" Nilitoa franka mu suruali yangu, nikamupa. Mufuko wa mawe, hapana. Franka ni zangu. Mufuko ni wa watu kumi na wawili. Alikasirika sana. Tangu pale nikahesabu mifuko mbele ya wote, na nikaomba wachague mutu wa kuandika daftari la pili, asiwe mimi. PDG hakupenda. Aliniuliza kama niko kapita wake ao wao. Nikamwambia daftari mbili zikipatana, hata yeye hataibiwa.

Neno gumu zaidi lilikuja na mvua. Sheria ya machimbo inakataza mashimo ya kupita metre 30, lakini udongo uliolowa hauangalii sheria. Unaweza kuanguka hata karibu na mulango. Asubuhi niliona ukuta unatoa maji, na muti mumoja umepinda. Na tulikuwa tumefika kwa mushipa wa zahabu! Nikasema wote watoke. Mwenzangu akakataa. "Tuliingia mu mashimo mabaya kuliko hili, mimi nyuma yako. Leo unaogopa juu ya cheo?"

Alisema kweli, tuliingia. Lakini wakati ule kila mutu aliogopea roho yake mwenyewe. Nikajibu: "Leo hakuna anayeingia," nikaketi kwa mulango wa shimo mpaka jua kuzama.

Siku tatu hatukupata kitu. PDG alihesabu muchele tuliokula. Na ukuta haukuanguka, basi wakanicheka kabisa. Vijana mutakaopewa kazi hii, musingoje siku ambayo ukuta utaanguka ili mupewe haki. Siku ya ine tulisimamisha miti mipya, tukaingia.

Urafiki wa zamani haukurudi vile ulivyokuwa. Siku nyingine ninakula peke yangu. Lakini yule ndugu sasa ananiita kapita, hapana mukubwa. Na wenzake walipochagua tena mutu wa daftari la pili, walimuchagua yeye. Anahesabu polepole, na mufuko usiojaa anaurudisha.