Kegi Ndogo na Dumu la Njano

Mbugangari ni mtaa wa Gisenyi, Rwanda, uliokaribiana na Goma ya Kongo kiasi kwamba wafanyabiashara wake huvuka mpaka asubuhi kwa miguu, bidhaa kichwani, na jioni wakalala kwao. Kuta nyingi ni za mawe meusi ya volkano. Sokoni Kiswahili kinasikika bega kwa bega na Kinyarwanda, na mgeni kutoka Moshi kama mimi hahitaji mkalimani kuulizia bei. Kilomita chache kusini, ukifuata ufuko wa Ziwa Kivu kuelekea Rubona, kipo kiwanda cha bia cha Bralirwa, kilichoanzishwa mwaka 1957 na kuanza kutoa Primus mwaka 1959. Kwa hiyo hapa bia ya kiwandani na pombe ya ndizi ni majirani wa siku nyingi, na ndiyo sababu nililileta hapa swali ambalo lilianzia mbali: je, kegi ya bia inayotupwa inaweza kufaa kuwekea pombe ya ndizi?

Lilianzia Hamburg, kwa Mtanzania mwenzangu anayepika bia nyumbani. Ujerumani, kwenye maduka ya vyakula, huuzwa kegi ndogo za bati la chuma zenye lita 5 za bia. Juu pana tundu lenye kizibo cha mpira, chini pana bomba dogo la plastiki la kuvuta. Mnunuzi anakunywa bia na familia yake wikendi moja, kisha kegi inakwenda kwenye takataka za chuma. Mwenyeji wangu hazitupi. Mara bia inapokwisha hulegeza kizibo taratibu hadi gesi yote itoke, ndipo hukichomoa, kisha huisuuza kegi papo hapo kabla mabaki hayajakauka na kugandia. Hutumia dawa ya unga isiyo na klorini, maana klorini hula chuma. Baada ya hapo huigeuza kichwa chini ikauke kabisa, halafu humulika ndani kwa tochi.

Kinachotafutwa na ile tochi ni kutu. Kegi hizi zimepakwa utando mwembamba wa kinga kwa ndani, na utando ukikwaruzwa, chuma hubaki uchi mbele ya bia ambayo kwa asili yake ina uchachu. Kwa hiyo haingizi brashi ya waya wala hatikisi kokoto ndani, jinsi sisi tunavyosafisha chupa nyembamba. Akiona doa jekundu, kegi hiyo safari yake imekwisha. Kegi iliyotunzwa vizuri humrudishia kazi mara kadhaa. Iliyoachwa na unyevu wiki moja haimrudishii hata mara moja.

Kuna aina nyingine, ile ya Heineken, yenye kikopo cha gesi kilichofungiwa ndani ili kuisukuma bia itoke hadi tone la mwisho na kuihifadhi kwa siku 30 baada ya kufunguliwa. Wapo wanaoipasua kichwa na kuifanyia ukarabati. Mwenyeji wangu haigusi, nami nakubaliana naye: kupeleka koleo na keekee kwenye chombo chenye kikopo cha gesi ndani yake ni kuhatarisha macho kwa ajili ya lita 5.

Sehemu aliyonieleza kwa umakini kuliko zote ni sukari. Bia ya nyumbani ikishachacha hutiwa sukari kidogo kabla ya kufungwa, ili hamira iliyobaki ikamilishe kazi na kuacha gesi ndani. Kwenye chupa yeye huweka gramu 6 au 7 kwa lita. Kwenye kegi ndogo huweka nusu yake, gramu 15 hadi 18 kwa kegi nzima. Ukizidisha, kitako cha kegi hufutuka na kuwa duara, kegi haisimami tena mezani, na siku ya kuifungua nusu ya bia inatoka kama povu. Ndiyo maana ananunua vizibo vyenye kiini cha usalama kinachoruka presha ikizidi. Na wakati wa kunywa, akitumia pampu ya mkono inayoingiza hewa, kegi lazima imalizwe siku hiyo au kesho yake, kwa kuwa oksijeni huigeuza bia haraka. Akitaka ikae, hutumia bomba linalovalishwa kikopo cha gramu 16 za gesi ya kaboni dioksidi.

Nilifika Mbugangari na picha za kegi hizo kwenye simu, na karatasi ya vipimo vyake mfukoni.

Mama aliyenikaribisha hutengeneza urwagwa, pombe ya ndizi ya Rwanda, kama mama yake alivyofanya. Ndizi za pombe huivishwa kwenye shimo lililotandazwa majani ya mgomba, urwina, kwa siku kadhaa. Kisha humenywa na kukamuliwa pamoja na nyasi kali ziitwazo ishinge, ambazo hushika makapi na kuachia maji matamu, umutobe. Juisi huchujwa, hunyunyiziwa unga wa mtama uliokaangwa, na kufunikwa kwenye mtumbwi wa mti, umuvure, mahali penye joto. Baada ya siku mbili tatu ni pombe. Nilichokiona kwake kwa macho ni kwamba mtumbwi sasa hutumika kwenye sherehe tu. Kazi ya kila wiki inafanywa na madumu ya njano ya lita 20, yaliyoletwa mjini yakiwa na mafuta ya kula.

Dumu la njano ndilo kegi ya Afrika Mashariki, nalo limekamilisha kile ambacho kegi ndogo ya Hamburg inajitahidi kukifanya. Lilitengenezwa kwa safari moja ya mafuta. Likamaliza safari hiyo, likapata maisha ya pili ya kuchota maji, ya kubeba maziwa, ya kuchachishia pombe. Ng'ambo ya mpaka, Goma, wanaliita bidoni na ndani yake hupimwa kasiksi, ndugu wa urwagwa. Haliji na mwongozo. Kila nyumba inajua: kwanza maji ya moto na sabuni hadi harufu ya mafuta iishe, baadaye majivu au mchanga laini, kisha jua.

Hapo kwenye mchanga ndipo nilipotofautiana na mama yule, kwa heshima. Plastiki ikikwaruzwa ndani hutengeneza mifereji midogo ambamo bakteria wa siki hujificha, na maji ya moto hayawafikii vizuri. Ndiyo sababu dumu la zamani huchachua pombe mapema kuliko dumu jipya, jambo ambalo yeye mwenyewe alikwisha kuliona na kulieleza kwa umri wa dumu. Nilimweleza habari ya tochi na doa la kutu. Alisikiliza, akalichukua dumu moja akaligeuza mwangani, akapitisha kidole kwenye mdomo wa dumu hilo.

Kisha nikamwonyesha picha ya kegi ndogo. Aliuliza inabeba kiasi gani. Nilipomwambia lita 5, aliuliza ya nini kufunga pombe namna ile.

"Ili ikae wiki nyingi bila kuharibika, mama."

"Pombe yangu haifiki Jumatatu, mwanangu."

Jibu lile lilinipa kazi ya kufikiri usiku mzima. Kegi imetengenezwa kwa ajili ya bia iliyokwisha kufa, ikachujwa hamira yake na kutiwa gesi kwa kipimo. Urwagwa huuzwa ikiwa hai. Ina hamira, ina mtama, ina sukari ambayo bado inaliwa. Kilo moja ya sukari ikichacha yote hutoa karibu nusu kilo ya kaboni dioksidi, zaidi ya lita 250 za gesi katika hewa ya kawaida. Ndani ya dumu lenye kifuniko kilicholegezwa, gesi hiyo hupanda ikaondoka. Ndani ya kegi ya bati iliyofungwa kwa kizibo cha mpira haina pa kwenda.

Gisenyi ni mahali ambapo somo hilo halihitaji maabara. Ziwa Kivu, lenye kina cha karibu mita 485, limeyeyusha ndani yake takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani, na kinachozizuia zisipande ni uzito wa maji yaliyo juu yake. Kiwanda cha Bralirwa chenyewe kilichemsha bia yake kwa methani ya ziwa hili kuanzia mwaka 1963, ikivutwa Rubona. Nchi kavu, kwenye mabonde madogo kandokando ya ziwa, gesi ya volkano hutulia chini kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Watu wa Goma na Gisenyi huiita mazuku, na huwafundisha watoto wasiingie kwenye mabonde hayo asubuhi kukiwa hakuna upepo, kwa sababu mbuzi na watu wamekufa humo. Mama yule hafungi dumu kwa nguvu na halali chumba kimoja na madumu yanayochacha. Alinieleza yote mawili kwa sababu moja, gesi, na sababu hiyo ni sahihi.

Kwetu Moshi mbege ina tabia hiyo hiyo ya haraka. Ndizi huchemshwa kwa saa nyingi, huachwa zichache, huchujwa, hutiwa gome la msesewe kwa uchungu, na mwisho kimea cha ulezi. Hainywewi kesho kutwa. Mapipa ya mbao ya babu zetu yameachia nafasi mapipa ya plastiki na ndoo, na watengenezaji wengi hawaulizi pipa lilibeba nini kabla. Hilo linanikera zaidi nyumbani kuliko Gisenyi, kwa kuwa Mbugangari mafuta ya kula ndiyo asili ya karibu kila dumu nililoliona, na harufu yake inatambulika na pua yoyote.

Nairobi ni habari nyingine kabisa. Mwaka 2004 kampuni ya bia ya huko ilianzisha Senator Keg, bia nafuu inayouzwa kutoka mapipa ya chuma cha pua, ikapewa nafuu ya ushuru ili iwavute wanywaji kutoka kwenye pombe haramu. Serikali ilipopunguza nafuu hiyo mwaka 2013, mauzo yaliporomoka, na nafuu ikaja kurudishwa. Ninachokipenda katika mpango huo ni pipa lenyewe: linarudi kiwandani, linaoshwa kwa mitambo, linajazwa tena, kwa miaka mingi. Chupa za Bralirwa zinafanya vivyo hivyo. Mnywaji wa Gisenyi analipia chupa, anairudisha, na kreti zake zinapanda lori kurudi Rubona. Hakuna anayeliita jambo hilo kuhifadhi mazingira. Ni desturi ya duka.

Tukirudi kwenye kegi ndogo. Nimeona kazi moja tu inayoifaa Mbugangari, na nilimweleza mama kabla sijaondoka. Ifungwe umutobe uliochemshwa, usio na hamira, uliomiminwa ukiwa moto, kwa ajili ya watoto na wasiokunywa pombe. Juisi hiyo haitoi gesi. Aliipenda fikra hiyo kuliko mimi nilivyotarajia, kisha akauliza kegi zenyewe zinapatikana wapi. Hapo ndipo hesabu inapoharibika: chombo cha lita 5 kinachopaswa kuvuka bahari kwanza hakiwezi kushindana na dumu la lita 20 lililopo mlangoni.

Kwa anayepika bia yenye gesi, iwe Arusha, Kigali au Hamburg, na ana friji na mizani, kegi ndogo ni chombo kizuri mno kutupwa. Aiokoe, aikaushe, aipime sukari kwa gramu na aachane na ile yenye kikopo ndani. Kwa urwagwa, kasiksi na mbege, ibaki dumu lenye kifuniko kilicholegezwa, lioshwe kwa kitambaa badala ya mchanga, na libadilishwe mara mikwaruzo inapoonekana mwangani. Na dumu au pipa lililowahi kubeba petroli, dawa ya shamba au kemikali yoyote lisitiwe pombe wala maji ya kunywa, hata liwe limeoshwa mara ngapi. Ukinunua dumu la mtumba, muulize muuzaji lilibeba nini, na kama hajui, mwachie.