Furaha, Huzuni, Utulivu, Hasira: Chagua Moja

Kuna kazi za mtandaoni ambazo ukimwelezea mtu wa Bondeni anakuangalia kama mkora. Yangu ni hii: nasikiliza nyimbo, kisha najaza visanduku vitatu. Mwendo: mapigo mangapi kwa dakika. Ufunguo: wimbo umesimama kwa noti gani, meja au maina. Hisia: furaha, huzuni, utulivu au hasira. Chagua moja. Malipo ni ya bando na mkate, na jibu lako likitofautiana sana na la wengine, wimbo huo haulipwi.

Mwendo ni rahisi. Gonga meza sekunde 15, hesabu, zidisha kwa 4. Ufunguo nao, chukua gitaa utafute noti ambayo wimbo ukifika hapo unapumua, kama mtu amefika kwao. Shida ni hisia.

Juzi nililetewa kundi la nyimbo za Kilatini, na katikati yake Indépendance Cha Cha ya Grand Kallé na African Jazz. Haikupotea njia. Cha-cha-cha ilianzia Havana mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa mpiga fidla Enrique Jorrín, na jina lenyewe ni mlio wa viatu vya wachezaji sakafuni. Santuri za Kuba zilikuwa zinauzwa Afrika tangu miaka ya 1930. Wakongo walipozisikia wakatambua ngoma ya kwao imerudi imevaa suti.

Kwa visanduku, hii ni kazi ya dakika moja. Mapigo manne manne, haikimbii, haiburuzi miguu. Iko meja. Gitaa la Nico Kasanda linacheka. Mtu yeyote angeandika Furaha akaenda kulala.

Lakini sikiliza majina. Ngoma hii ilizaliwa Brussels mwaka wa 1960, wakati viongozi wa Kongo walikuwa wameketi na Wabelgiji kujadili uhuru, na Kallé anawataja wanasiasa mmoja baada ya mwingine. Lumumba yumo. Tshombe yumo. Wanapita kwenye melodi moja kama watu walioshikana mabega. Uhuru ukaja Juni 30. Januari 17, 1961, Lumumba akauawa Katanga, jimbo ambalo Tshombe alikuwa amelitangaza kuwa nchi huru chini yake. Hakuna noti iliyobadilika. Mwendo ni ule ule, meja ni ile ile.

Sisi wa Nakuru hiyo hali tunaijua. Mwaka wa 2002 Unbwogable ya Gidi Gidi Maji Maji ilikuwa kila mahali, Kibaki na Raila wakiwa upande mmoja. Mwishoni mwa Januari 2008, watu wa mji huu walikuwa wanauana, kila upande na jina lake mdomoni. Mamangu alifunga kibanda chake cha mboga. Jirani aliyekuwa anauza naye akahama usiku bila kuaga, na hajarudi. Hadi leo ngoma hiyo ikianza kwa redio, mamangu anageuza stesheni. Hasemi kitu.

Kwa hivyo kidole changu kilikuwa juu ya Huzuni. Nikakiacha hapo kwanza, nikaenda jikoni.

"Mama, 2002 mlipokuwa mnaimba, mlikuwa na furaha kweli?"

Akaacha kisu juu ya sukuma.

"Sana. Siku Kibaki anaapishwa sikupika. Tulikula kwa yule jirani, tukacheza mpaka kiatu changu kikakatika." Akachukua kisu tena. "Hiyo usininyang'anye."

Nikachagua Furaha. Wale watu wa Brussels hawakuwa wanajidanganya. Januari 1961 ilikuwa bado haijafika, na sisi hatuna ruhusa ya kurudi nyuma kuwapokonya usiku wao eti kwa sababu tunajua kilichofuata. Huzuni ninayoisikia mle ndani ni yangu mimi niliyekuja baadaye na kalenda mkononi, na hiyo haina kisanduku.

Mamangu haelewi Lingala. Jumapili nilipomchezea Indépendance Cha Cha, aliuliza tu hao wanaoitwa ni kina nani. Nikamweleza, hata mwisho wao. Akanyamaza kidogo.

"Rudisha mwanzo," akasema.