Dakika Nazo ni Kete

Wengi wanaoanza sataranji ya kwenye simu huichukulia saa kama refa: ipo pembeni, inatazama, mwisho inapuliza filimbi. Mimi naiona ni kete. Mnapewa sawasawa, na namna unavyoitumia ni sehemu ya mchezo.

Mtoto wa kaka yangu, hapa Ujiji, hakubali. Juzi alikuwa na malkia na ngome, mwenzake kabaki na mfalme na askari mmoja, muda ukamwishia. Kashindwa. Akanigeukia: "Shangazi, huyu si kaniibia?"

Hajaibiwa. Yule malkia alimpata kwa kufikiri sana, na kufikiri kunalipiwa dakika. Mwenzake angebaki na mfalme mtupu ingekuwa sare, maana mfalme peke yake hawezi kumfunga mtu. Lakini askari anaweza kufika mwisho wa ubao akageuka malkia, basi hukumu inabadilika. Kijana alinuna mpaka migebuka ilipoiva.

Nikamwonyesha namba ambayo haitazami kamwe, ile ya baada ya alama ya kujumlisha. Yeye hucheza 3+0: dakika tatu, basi. Kwenye 3+2 kila hatua inakurudishia sekunde mbili, kwa hiyo ukicheza hatua 40 umepata sekunde 80 zaidi. Unaweza kuona ni kidogo. Lakini mwenye malkia na ngome, akijua kazi yake, sekunde mbili zinamtosha kummaliza mtu. Bobby Fischer, aliyekuwa bingwa wa dunia, ndiye aliyepata hataza ya saa ya namna hiyo Marekani mwaka 1989.

(Wazee wa bao hawana haja ya hayo yote. Ukikawia, watazamaji wanakusema mpaka usogeze.)

Mimi hucheza 15+10. Si uzee. Mtandao wa huku ukiyumba, sekunde zinaondoka na wewe hujagusa kitu, na kwenye dakika tatu hilo ni pigo ambalo hujapigwa na mpinzani. Sekunde kumi za nyongeza zinalifidia.

Ila mchezo ninaoujali kuliko yote hauna dakika. Nacheza na mjomba, ambaye anafanya kazi kwenye maboti ya mizigo kati ya Kigoma na Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Tumeweka siku tatu kwa kila hatua. Ukisogeza, mwenzako anaanza kuhesabiwa zake. Katikati ya ziwa simu haishiki. Yeye husogeza akifika, tena bila salamu, mtu wa maneno machache huyo.

Mama hajui hata farasi anavyotembea. Lakini upepo ukivuma usiku, asubuhi ananiuliza kabla ya chai: "Kaka yangu kabakiza saa ngapi?" Namsomea. Zikiwa zaidi ya 40 anaendelea na shughuli zake. Mwezi uliopita zilishuka hadi tisa. Akakaa na simu yangu mkononi, anaitazama ile namba ikipungua, hataki hata niichaji. Zilipobaki saa sita na kidogo, mjomba alisogeza askari wa pembeni, hatua mbovu kabisa. Mama akanirudishia simu, akaenda kuanika dagaa.

Yule askari bado sijamla.