Kupanda Liganga Kabla ya Makatapila

Makambako watu wengi hubadilisha gari tu. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma inakutana hapo na ile ya Njombe na Songea, reli ya TAZARA nayo inapita mjini, na alfajiri makonda waliojifunika makoti mazito wanaita abiria mpaka sauti zinakauka. Nilipomwambia mmoja wao kwamba naenda Liganga, mlima wa chuma ulioko Ludewa, aliniuliza, "Uko kampuni gani, kaka?" Swali hilo nililisikia tena Njombe, nikalisikia Ludewa, na mwisho nikalikuta chini ya mlima wenyewe. Hakuna aliyedhani mtu anaweza kwenda Liganga kupanda tu.

Huko nilikozoea kupanda, mpandaji ana nafasi yake. Ngong, nje kidogo ya Nairobi, unalipa kiingilio langoni kwa watu wa misitu, KFS, kisha unaufuata mgongo wa vilima chini ya mitambo ya upepo ya kampuni ya umeme, KenGen, Bonde la Ufa likiwa limefunguka upande mmoja. Jumamosi utakutana na vikundi vya kanisa na vya ofisini. Bondwa, katika milima ya Uluguru, unaanzia Morogoro mjini kwa barabara mbovu ya mawe hadi Morningside, penye jengo la zamani la Wajerumani, halafu unaingia kwenye msitu wenye ukungu mpaka kwenye minara ya mawasiliano. Wakulima wanaoshuka na mboga wamezoea kuona wageni na mabegi yao mgongoni. Wanasalimia na kupita.

Makambako hadi Njombe ni lami. Baridi inazidi kadiri unavyopanda, na kandokando ya barabara viazi na parachichi vinashindana na misitu ya kupandwa. Ukiiacha barabara ya Songea pale Itoni na kushika ya Ludewa, unaanza kuuona ukali wa nchi hii. Kati ya Lusitu na Mawengi, kilomita 50, barabara imejengwa kwa zege badala ya lami. Nilipoziona kona zenyewe, miteremko yake na ukungu uliolala juu yake, sikuhitaji mhandisi anieleze. Mvua za huku na malori mazito vingeitafuna lami mapema.

Njia panda ya Mkiu ndipo raha ya barabara iliyojengwa inapoishia. Kuanzia hapo ni udongo mwekundu kuelekea Liganga na hatimaye Madaba, upande wa Ruvuma, wenye makorongo yaliyochimbwa na maji ya masika na kukaushwa na jua la kiangazi yakawa magumu kama tofali. Bodaboda aliyenibeba alizima injini kwenye miteremko na kuwasha tena kwenye miinuko, kuokoa mafuta. Kuna mahali nilishuka nikatembea, si kwa woga bali kwa sababu kutembea kulikuwa haraka zaidi.

Kijijini Mundindi nilianza kwa kusalimia ofisini, kama inavyopasa, na nikapata mwenyeji wa kunionyesha njia. Mama mmoja mzee aliyekuwa akianika mahindi nilimwamkia shikamoo. Alipoitikia, akaniuliza, "Umekuja kupima, mwanangu?" Nikamwambia hapana, nataka nifike juu nitazame. Alinitazama kwa muda, akasema, "Basi tazama vizuri."

Kupanda kwenyewe si kazi kubwa. Mwenye pumzi za kawaida, aliyewahi kufika Bondwa, hatasumbuka. Ni nyasi, vichaka na miti iliyoachana, kisha mawe meusi yanaanza kutokeza ardhini. Okota moja dogo uone mkono unavyoshtuka: uzito wake haufanani na ukubwa wake. Mwenyeji wangu alikuwa na sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Aliiburuta kwenye mchanga wa njiani, akaigeuza, na chembe nyeusi zilikuwa zimesimama juu yake zikitetemeka. Nikatoa simu. Dira yake, iliyokuwa imetulia kule barabarani, sasa iliyumba kila niliposogea kwenye mwamba. Sijawahi kupanda mlima mwingine unaojieleza hivyo mkononi mwa mtu.

Chuma cha nchi hii si habari mpya kwa wenyeji. Wapangwa wa Ludewa na jirani zao Wakinga walikuwa wafua chuma muda mrefu kabla ya mzungu kufika na ramani zake, na majembe yao yalilima mashamba ya mbali. Kilichobadilika ni kipimo. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, lilitia saini mkataba wa ubia na kampuni ya Sichuan Hongda ya China kuchimba chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma. Hesabu iliyotajwa kwa Liganga ni tani milioni 126, na ndani ya chuma hicho kuna titani na vanadi. Miaka ikapita bila machimbo. Mwaka 2023 Serikali ilianza kuwalipa fidia wananchi wanaopisha miradi hiyo miwili.

Juu nilikaa sana. Magharibi safu ya Livingstone imesimama na kuficha Ziwa Nyasa nyuma yake. Kusini ardhi inashuka kuelekea Mto Ruhuhu. Ngong imewekewa mitambo, Bondwa imewekewa minara, lakini vilele vyenyewe vimebaki. Liganga chuma ndicho mlima wenyewe. Kukitoa ni kuushusha. Sipingi machimbo: watu wa Ludewa wamesubiri ajira na barabara kwa miaka mingi, na wana haki navyo. Ninachotaka ni mlima huu uandikwe kwanza. Upigwe picha pande zote, njia zake za miguu zichorwe, wazee waulizwe majina ya kila jiwe na kijito, na kazi hiyo ikabidhiwe shule za kata kabla ya katapila la kwanza kupanda.

Anayetaka kwenda aende kati ya Juni na Oktoba, barabara ikiwa kavu, na abebe koti kwa ajili ya Njombe hata kama mchana wa Mundindi ni wa joto. Kurudi nilipitia Madaba. Njia hiyo ni mbovu vilevile, lakini unaunganisha moja kwa moja na lami ya Songea, na huhitaji kurudia vumbi la Mkiu.